Herufi Moja ya Mzee Shimenga

Jumanne, 4 Machi

Jentrix hatakuja. Amesema mwenyewe kwa simu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nikiwa naanika nguo. Alikuwa ameahidi kufika kwa babake Shinyalu Jumamosi ya tarehe 15, siku tutakayoonyesha filamu yangu uani kwao. Ingekuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale kwa miaka saba.

Nilimuuliza sababu. "Nimesoma, auntie. Zamani nilikuwa nafikiria tu. Sasa umeniandikia." Akakata.

Naandika mambo yalivyo. Filamu ni ya dakika ishirini na nne. Ni nusu ya kazi yangu ya uzamili katika fasihi na filamu. Nusu nyingine ni tasnifu. Inamhusu Mzee Shimenga, miaka sabini na minane, aliyefuga mafahali wa kupigana maisha yake yote. Jentrix ni kitinda mimba wake. Aliondoka nyumbani asubuhi moja bila kuaga, akaenda kuishi na mwanamume wa Chekalini, huko Lugari, ambaye baba hakumtaka. Sasa wana watoto wawili na ekari tatu za mahindi. Baba na binti hawajasemezana tangu siku hiyo. Mimi ndiye niliyewasogeza karibu, kwa miezi minne ya kupiga simu huku na huku. Hakuna aliyenituma.

Kwa kuwa jina lake limetajwa, nilimtumia filamu aione kabla ya watu wengine. Ni haki yake. Dakika ya kumi na moja babake anasema: "Jentrix alipoenda, fahari yangu ilikufa." Ndivyo nilivyoandika chini ya skrini.

Sikujiuliza yeye atausoma vipi. Niliona ni mstari mzuri.

Nguo zimekauka. Sijazitoa.

Jumatano, 5 Machi

Darasa. Tuko tisa. Wanane wangeweza kuwa wanangu.

Dkt. Nafula, msimamizi wangu, ana miaka thelathini na minane. Mbele ya watu huniita Dada Rispa. Tukiwa wawili huniita "wewe mzee". Nampenda. Leo amesoma kurasa mbili za sura yangu ya tatu kwa sauti. Sura nzima, kurasa kumi na tisa, imesimama juu ya mstari ule: fahari ya mwanamume, na namna inavyokufa binti anapojiamulia mambo. Kisha akaonyesha kipande chenye mstari ule, akasema ndiyo kazi bora ya kundi hili.

Mideva, msichana ambaye kwao ni Shinyalu, akaguna. Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna, madam. Ni vile tu mzee anasema fahali."

"Anasema fahari."

"Sawa, madam. Lakini hapo nyuma yake kuna fahali mzima amesimama."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikatembea hadi nyumbani bila kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesikiliza sekunde nne za mstari ule mara thelathini na moja. Herufi iko katikati. Ulimi unagusa, hautetemi. Nikirudia, unatetema.

Sarufi haisaidii. Kwa Kiswahili cha vitabuni angesema fahali wangu alikufa, au fahari yangu ilikufa, mambo yakaisha. Lakini Mzee husema bibi yangu, mtoto yangu, daktari yangu. Kila alicho nacho ni yangu, na kila kinachokufa kilikufa ama ilikufa, anavyojisikia siku hiyo.

Halafu kuna mimi. Mzaliwa wa Lurambi, si mbali na kwa Mzee. Nilipoanza kazi ya redio nilikuwa nasoma "habali za jioni". Mhariri wangu wa kwanza aligonga rula mezani kwa kila L iliyokalia kiti cha R, mwaka mzima. Tangu hapo sikio langu halimsikii mtu wa kwetu. Linamsahihisha. Mzee alitamka neno nami nikalirekebisha kabla halijafika kichwani. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda alikuwa amesema sawasawa.

Kama ni fahali, basi nimemwandikia Jentrix aibu ambayo babake hakuisema. Na kwa ajili hiyo hatakuja.

Ijumaa, 7 Machi

Shinyalu. Bodaboda kutoka sokoni, kisha miguu kando ya mashamba ya chai. Nilimkuta Mzee akimpaka ndama dawa ya kupe. Nikamweleza kwamba Jentrix amebadili nia, na kwamba ni kwa sababu ya maneno ya kwenye filamu. Aliendelea kupaka. Shingo, nyuma ya masikio, chini ya mkia. Hakuruka mahali. Kisha nikauliza.

"Mzee, ulisema ni nini kilikufa?"

"Fahali."

"Fahari?"

"Ndiyo. Fahali."

"Ile ya pembe, ama ile ya moyo?"

Akaniangalia. "Moyo iko na pembe?"

"Nauliza tu, Mzee."

"Wewe Rispa ulikuwa unasomeanga watu habari mpaka huko Mumias, na hujui ng'ombe?" Akamwachilia ndama. "Ni Misumari. Ile nyekundu. Jentrix ndiye alikuwa anaikatianga majani. Alipoenda, ikakataa kukula. Wiki mbili, ikakufa."

Nilishusha pumzi. Nikala obusuma, ugali wetu, na kunde kwa sababu hakuna kuondoka pale bila kula. Alipika mwenyewe; mkewe alifariki miaka kumi iliyopita. Alinisindikiza hadi kwenye ua na kusema, "Mwambie..." Akarekebisha kijiti cha ua. "Mwambie huku mvua imeanza."

Jumamosi, 8 Machi

Lakini.

Nilimweleza kwanza, nikauliza baadaye. Kosa la mwanagenzi. Kufikia wakati ninauliza, Mzee alijua ni jibu lipi lingemrudisha binti na lipi lingemzuia. Huyo ni shahidi mwenye maslahi. Sisemi amenidanganya. Nasema ningekuwa mhariri wangu ningerudisha habari hii mezani.

Jentrix naye si mjinga. Nikimpelekea jibu la Mzee atasema tumelipanga, na atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Nimempigia Ezekieli, jirani wao. Anaikumbuka siku Misumari alipomshinda fahali wa ng'ambo ya mto. Anakumbuka nani alianguka kwenye mtaro akikimbia, na suruali ilipasukia wapi. Misumari alikufa lini? "Ah, hiyo sasa. Ng'ombe hufa, dada."

Hakuna chanzo cha pili.

Jumatatu, 10 Machi

Kipo. Kilikuwa kwenye kabati langu.

Nimepitia picha ghafi zote, saa sita na nusu za kurekodi. Zilichukuliwa miezi mitano iliyopita, kabla Jentrix hajakubali kuja, kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kutaka neno hili liwe lile. Mzee anasema mstari wake. Ananyamaza sekunde sita. Kuku anapita mbele ya kamera. Kisha Mzee, bila kuniangalia: "Watu walikula nyama. Mimi nilikataa."

Nilikata pale kwenye kuku.

Nimetafuta daftari la siku hiyo. Mwandiko ni wangu: "Anaingia mambo ya karamu. Kata."

Fahari hailiwi. Mtoto wa darasa la tatu angeona. Nilikuwa nimeshaamua anachosema, kwa hiyo sentensi iliyofuata ikawa takataka. Katika miaka ishirini na sita ya magazeti na redio sijawahi kukata nukuu ya mtu katikati. Nimeikata chuoni, nikisomea namna ya kusikiliza watu.

Nimekasirika. Si na kuku.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwonyesha Dkt. Nafula. Ameitazama mara mbili, akavua miwani.

"Wewe mzee. Kurasa kumi na tisa."

"Najua."

"Tarehe ya utetezi wa tasnifu imeshatoka. Alhamisi ya 27. Nakala zinatakiwa Jumatatu ya 24."

"Najua."

"Wasomaji wa nje hawajui hii picha ghafi ipo. Ningeweza kuwa sikuiona."

"Umeiona."

"Nimeiona," akasema, kwa huzuni ya kweli. Ile sura aliipenda kuliko nilivyoipenda mimi. Alifunga mlango, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, ambayo hagawii mtu. Tukakaa. Baadaye akasema niandike juu ya sikio langu. Juu ya watu kama mimi tunaokaa chini ya skrini tukiwasahihisha wazee. "Na uiandike haraka, kabla hujaanza kujihurumia."

Nimemwambia sijihurumii. Amesema ndiyo maana anataka haraka.

Jumatano, 12 Machi

Nimemtumia Jentrix kipande kizima. Mstari, sekunde sita, kuku, nyama. Ujumbe nimeuandika mara nne, kila mara mfupi zaidi. Wa mwisho: "Jentrix, nilikosea. Babako alisema fahali. Mimi ndiye niliyeandika fahari, na nikakata sentensi iliyofuata. Nilimuuliza Ijumaa kama ni ya pembe au ya moyo, akasema ya pembe. Lakini usiniamini mimi wala yeye. Sikiliza hii, ilirekodiwa mwaka jana. Rispa."

Sikumwomba aje. Kuomba kungeharibu ushahidi.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna jibu. Ujumbe umesomwa saa kumi na mbili asubuhi.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna. Ni wiki ya kupanda huko Lugari. Najiambia yuko shambani.

Mzee amepiga simu mara mbili kuuliza kama betri ya projekta ina moto wa kutosha. Hajawahi kuijali projekta. Mara ya pili nikamwambia Jentrix hajasema kitu. Akasema hakuwa ameuliza hiyo.

Kurasa tatu za sura mpya. Mbili mbaya.

Jumamosi, 15 Machi

Tulitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa zizi. Majirani thelathini hivi, viti vya kanisa, watoto mbele. Mzee amevaa koti la suti na amenyoa. Ingokho sita, kuku wa kienyeji, walikuwa jikoni tayari. Ezekieli alikuwa ameshatangaza kwamba yeye yumo kwenye filamu, hayumo.

Saa moja jioni nikauliza kama tuanze. Mzee akatazama njia. Saa moja na nusu nikauliza tena. Akasimama.

"Haitaonyeshwa. Mwenye jina hayuko."

Ezekieli akasema, "Lakini si wewe uko? Si sura ni yako?"

"Sura yangu mnaionanga kila siku na hamlipi. Kuleni mwende nyumbani."

Wakala, wakaenda, na hakuna aliyelalamika sana kwa sababu kuku alikuwa ameiva vizuri. Nilikunja shuka. Mzee alinishikia upande wa pili. Pembe kwa pembe, kama watu waliokunja shuka pamoja miaka mingi. Hakusema chochote kunihusu mimi au kosa langu. Ningependa angesema.

Nina aibu. Ni aibu ya kikazi, sijui dawa yake ni ipi ila kazi.

Jumapili, 16 Machi

Kanisa. Kufua. Kurasa nne. Simu iko juu ya meza, sauti juu. Hakuna.

Jumatatu, 17 Machi

Jentrix amepiga. Saa saba na robo mchana, kutoka shambani. Upepo ulikuwa unaingia kwenye simu. Nanukuu nilivyoandika nikiwa bado nasikiliza.

"Auntie, ati ulimuuliza mzee kama ni ya pembe ama ya moyo?"

"Ndiyo."

"Akakuambia ya pembe."

"Ndiyo."

Akacheka. Ni kicheko cha babake, kinaanzia puani. "Na wewe ukaandika. Kumbe hivyo ndivyo mnasomanga huko chuo."

Nikamwambia nina ushahidi wa nyama.

"Ushahidi nimeuona. Nimeutazama mpaka mtoto akaniuliza huyo babu ni nani." Nilisikia mtu akiita kwa mbali, naye akajibu kwamba mbegu iko chini ya mti. Kisha akarudi. "Auntie, wacha nikuambie. Baba yangu hasemanga mambo ya watu. Mama alipougua, alituita sisi wote jioni akasema ng'ombe ya maziwa imepunguza. Tukajua. Nilipopita mtihani wa darasa la nane, aliambia jirani ndama imesimama vizuri. Mimi nikiwa hapo. Hata hakuniangalia."

"Kwa hivyo niandike fahari?"

"Hapana. Wewe nawe." Alikuwa anacheka au kitu kingine, upepo ulizuia. "Ukiandika fahari, huyo mimi simjui. Ni mzee fulani wa filamu. Nilipoisoma nikasema sawa, amekuwa mtu mwingine, ameanza kunisema kwa watu. Ukiandika fahali, huyo ni baba."

Nikaliandika neno kwa L.

"Na kweli hakukula?"

"Hakukula. Nimethibitisha na Ezekieli leo asubuhi. Kufa kwa Misumari alikuwa hakumbuki, lakini nyama anakumbuka. Anasema Mzee alikaa nyumba ya nyuma mpaka watu wakamaliza."

"Siku nzima?"

"Anasema hadi jioni."

Kisha akasema wanamaliza kupanda Alhamisi, na akaniuliza siku hizi Mzee anapeleka ng'ombe mtoni saa ngapi.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Mzee nikamuuliza saa anazonywesha ng'ombe, nikisema ni kwa ajili ya tasnifu. Uongo, na nauandika hapa kama uongo. Akasema saa tisa na nusu anatoka, saa kumi na nusu anarudi. Akauliza kama chuo hakina mambo mengine ya kuandika.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sura ya tatu imeisha, kurasa kumi na moja. Si nzuri kama ile ya awali. Ni ya kweli. Dkt. Nafula amesoma akiwa amesimama mlangoni, akafuta neno "hakika" mara tano, akatia sahihi.

Chini ya skrini sasa pameandikwa: "Jentrix alipoenda, fahali yangu ilikufa. Watu walikula nyama. Mimi nilikataa." Idara inataka Kiswahili sanifu kwenye maandishi. Nimeiacha fahali yangu ilikufa, kama alivyosema yeye, na nimeeleza sababu katika tanbihi. Nikiulizwa na wasomaji wa nje nitajibu. Dakika ya kumi na moja imeongezeka kwa sekunde kumi na nne. Kuku yumo.

Jentrix ametuma ujumbe. Atakuja na watoto wote wawili. Mumewe atabaki na mahindi safari hii. Amechagua saa kumi kwa sababu saa hiyo babake yuko mtoni. Hataki wakutane mlangoni, ambapo mmoja wao atalazimika kuanza. Anataka Mzee arudi na ng'ombe wake amkute yeye ndani, ameshawasha moto, watoto wameshakaa, kama mtu ambaye hakuwa ameenda mbali. Ameniomba nisimwambie Mzee. Nimekubali. Nina habari na siitoi.

Mideva amesikia, sijui kwa nani, na ameniuliza kama hatuendi na kamera. Ungekuwa mwisho wa filamu, amesema. Ni kweli ungekuwa. Nimemwambia filamu imeshapata mwisho wake, na kamera nimeirudisha idarani jana, nikatia sahihi.

Nakala zinawasilishwa Jumatatu ya 24. Utetezi ni Alhamisi ya 27, saa tatu asubuhi. Jentrix anafika Shinyalu keshokutwa, Jumamosi, saa kumi.